Utajuaje kama kituo anacholelewa ndugu yako mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ni kizuri kweli?

#1 Dada wa Kwanza

Habari wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kufanya kazi kwenye vituo hivi au mlio na ndugu humo.

Mdogo wangu ana miaka 34, ana ulemavu wa akili. Mama ndiye aliyekuwa anamlea. Mama alipofariki nilijaribu peke yangu nikashindwa, nalisema wazi. Sasa yuko kituoni, huu ni mwezi wa nane. Sakafu inang'aa, vitanda vimetandikwa, ratiba ya wiki imebandikwa ukutani kwa rangi, cheti cha ukaguzi kipo kwenye fremu pale mlangoni. Kila anayekuja kumtembelea anasifia.

Jumamosi iliyopita nilifika saa tano asubuhi bila kupiga simu. Nikamkuta kwenye kiti kilekile cha siku zote, amevaa shati la mtu mwingine, anafungua kifungo kimoja na kukifunga, anafungua na kukifunga. Nilipoingia bafuni kunawa nikaushika mswaki wake. Mkavu kabisa. Nikaenda kuangalia daftari la huduma za asubuhi, mstari wa "meno" una tiki.

Nyumbani alikuwa anaanua nguo, anazikunja, anampelekea kila mtu za kwake, na hakosei. Leo ananiomba ruhusa ya kwenda chooni. Mimi, dada yake wa tumbo moja.

Swali langu ni hili: ubora wa kituo unapimwa kwa nini hasa? Na inakuwaje sehemu safi namna hii imrudishe mtu nyuma?

#2 Mpitanjia

Pole sana dada. Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

#3 Zamu ya Usiku

Dada pole. Mimi nimefanya kazi hii miaka 9, usiku na mchana, acha nikueleze inavyokuwa ndani.

Asubuhi mko wawili, wakazi kumi na mmoja. Kumwogesha mtu mmoja vizuri ni dakika 40, na hapo hajaogopa maji. Mtu kama mdogo wako ukimwachia avae shati mwenyewe atachukua robo saa, na atavaa, tena atafurahi. Ukimvalisha wewe ni dakika mbili. Huko nyuma kuna mwingine anapiga kelele, gari la dawa linasubiri, simu inaita. Unamvalisha. Kesho unamvalisha tena. Ukija kushtuka mwaka umepita na mikono imesahau. Hakuna aliyekaa akapanga kumharibu.

Halafu mshahara. Watu hawakai. Nilikuwa na mkazi asiyeongea, akitaka maji anagusa sikio. Tuliojua ni mimi na mwenzangu mmoja tu. Mwenzangu akaacha kazi, mimi nikaenda likizo ya wiki tatu. Niliporudi nikakuta kwenye faili lake wameandika: "Ana tabia mpya ya kujipiga sikioni." Alikuwa na kiu jamani. Wiki tatu nzima anaomba maji, wao wanamshika mkono ashushe.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ubora ni mtu kukaa kazini muda mrefu wa kutosha kumjua mkazi. Lipeni wafanyakazi vizuri, waongezeni, mengine yatafuata.

#4 Bila Kificho

Zamu ya Usiku nakuheshimu, na hiyo habari ya sikio imeniuma. Lakini mswaki mkavu wenye tiki ni uongo, na uongo hauletwi na mshahara mdogo. Wapo wengi wanaolipwa kidogo na hawadanganyi.

Isitoshe, pesa peke yake haijawahi kumlinda mtu. Kumbukeni ile nyumba ya malezi ya Winterbourne View kule Uingereza. Mwaka 2011 BBC walimwingiza mwandishi kama mfanyakazi, akiwa na kamera ya siri. Wakazi wanapigwa, wanamwagiwa maji, wanaburuzwa. Pesa iliyokuwa inalipwa pale ilikuwa nyingi ajabu. Wafanyakazi wote wakafungwa. Tatizo ni uongozi: msimamizi akikaa ofisini na mlango umefungwa, huko nje yanazaliwa mambo mengine.

#5 Mzee wa Faili

Bila Kificho, hoja yako naiunga mkono ila niiwekee sawa mambo mawili. Winterbourne View haikuwa nyumba ya malezi. Ilikuwa hospitali binafsi ya vitanda 24 karibu na Bristol, watu walipelekwa wapimwe na kutibiwa, wengine wakakaa sana. Na si wote waliofungwa: waliotiwa hatiani ni 11, waliokwenda jela mwaka 2012 ni 6. Pesa ndiyo, wastani ulikuwa pauni 3,500 kwa wiki kwa mgonjwa mmoja.

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba muuguzi mmoja wa palepale alikuwa ameshatoa taarifa kwa maandishi kabla ya kamera. Hata mamlaka ya ukaguzi ilipata habari. Hakuna aliyeamka.

Nimekuwa mkaguzi miaka mingi, sasa nimestaafu, na nitasema jambo lililonisumbua mpaka leo. Faili zilizopangwa vizuri kuliko zote nilizowahi kusoma zilikuwa za nyumba ambayo baadaye tuliamuru ifungwe. Kila tiki mahali pake. Mkaguzi akipewa siku moja na orodha ya maswali 80, atakagua karatasi, kwa sababu karatasi inakaa mahali pamoja ikimsubiri. Mtu aliyekaa kwenye kiti anafungua kifungo hana mstari kwenye ile orodha.

Dada wa Kwanza, umefanya vema kwenda bila kupiga simu. Endelea hivyo, na ubadilishe saa. Nenda wakati wa kubadilishana zamu, nenda jioni ya siku ya mapumziko. Hapo ndipo utaiona nyumba yenyewe.

#6 Nimekaa Humo

Habari. Mimi nina ulemavu wa kujifunza. Nilikaa kituoni miaka 6. Sasa nakaa kwangu, mtu wa kunisaidia anakuja kila siku asubuhi. Naandika polepole, mnivumilie.

Kituo changu kilikuwa kizuri, watu walisema. Mimi nilikuwa silali wakati ninaotaka. Taa inazimwa saa tatu. Mlango wa choo haukuwa na kitasa kwa ndani. Wafanyakazi walikuwa wanaongea juu ya kichwa changu, hivi, mmoja upande huu na mwingine upande huu, wanasema "huyu leo hajala." Mimi nipo hapo katikati.

Nilikaa chumba kimoja na mtu anayelia usiku. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Yeye pia hakuulizwa.

Dada, umemuuliza mdogo wako?

#7 Msomi wa Njiani

Nimekaa Humo, asante sana. Ulichoandika kwa mistari michache watu wamekitafuta kwa miaka mingi.

Mwaka 1969 Mswidi Bengt Nirje aliandika kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kuishi kwa mwendo wa kawaida wa siku, wa wiki na wa mwaka. Yaani aamke kama wenzake wa umri wake, asilazwe mapema kwa kuwa zamu inaisha, apate faragha, afanye kazi sehemu moja na kulala sehemu nyingine, ajue kuwa sikukuu imefika. Leo lasikika jambo dogo. Wakati huo Marekani kulikuwa na taasisi kama Willowbrook, New York, iliyojengwa kwa watu 4,000 na kubeba zaidi ya 6,000. Robert Kennedy aliitembelea 1965 akatoka amefadhaika, televisheni ikaionyesha 1972, ikaja kufungwa 1987.

Nchi za Nordiki, kaskazini mwa Ulaya, zilikwenda mbali zaidi. Norway ilianza mageuzi 1991, taasisi zikafungwa na watu wakahamishiwa kwenye makazi ya kawaida chini ya serikali za mitaa. Sweden ikapitisha sheria 1997 ya kufunga zilizobaki hadi mwisho wa 1999.

Sasa hapa ndipo napotofautiana kidogo na Zamu ya Usiku. Marehemu Jim Mansell wa Chuo Kikuu cha Kent na wenzake walipima nyumba ndogo nyingi: wanakaa, wanaangalia dakika kwa dakika mkazi anafanya nini. Wakakuta kwa jumla nyumba ndogo ni bora kuliko taasisi kubwa, lakini nyumba zenye ukubwa sawa zilipishana vibaya mno. Kuongeza wafanyakazi peke yake hakukubadili mambo sana. Kilichobadilisha ni namna mfanyakazi anavyomsaidia mkazi pale pale kwenye kazi. Wanaita msaada hai. Badala ya kumfanyia, unaigawa kazi vipande: kwanza unamwomba, akikwama unamwelekeza, kisha unamdokezea, unamwonyesha, na mwisho kabisa ndipo unamshika mkono. Nguo za kukunja za mdogo wake dada ni mfano tosha. Kila siku zipo, kila siku mtu mwingine anazikunja.

#8 Bila Kificho

Msomi umetuletea gazeti zima mkuu, nimelisoma kwa awamu mbili. Ila asante.

Sasa nikuulize: hayo ya kufunga taasisi na kuwatoa watu, mbona Afrika Kusini yalileta maafa? Life Esidimeni, 2016. Waliwatoa watu kwenye kituo kikubwa kwa jina hilohilo la "kuwarudisha kwenye jamii", wakafa 94. Mimi nikisikia mtu anasifia kufunga vituo nakumbuka wale.

#9 Mzee wa Faili

94 ni hesabu ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Malalamiko ya Afya, Profesa Malegapuru Makgoba, ya Februari 2017, na mwenyewe aliandika kwamba hesabu bado inaendelea. Hesabu iliyokuja kukubaliwa kwenye usuluhishi wa Jaji Dikgang Moseneke ni 144. Nasema kwa sababu hao 50 wa juu nao wana ndugu.

#10 Msomi wa Njiani

Nashukuru Mzee. Nami nimjibu Bila Kificho: Life Esidimeni haikuwa kuwarudisha watu kwenye jamii. Idara ya afya ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba ili ipunguze gharama, watu zaidi ya 1,700 wakahamishwa kwa haraka, wengine bila kumbukumbu zao za matibabu. Ripoti ilikuta mashirika 27 yaliyopokea watu hao yote yalikuwa na leseni batili. Baadhi ya ndugu hawakuambiwa mpendwa wao amepelekwa wapi. Walikuwemo watu wenye ulemavu mkubwa wa akili wasioweza kusema jina lao. Walikufa kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi. Walitolewa jengo kubwa wakatiwa majengo madogo mabaya zaidi.

Ndiyo maana Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ilipofafanua mwaka 2017 kifungu cha 19 cha Mkataba wa 2006, kinachohusu haki ya kuishi katika jamii, ilisema hata nyumba ya watu watano hadi wanane, au ya mtu mmoja, inaweza kuwa taasisi. Kinachoifanya taasisi ni mambo yanayotendeka humo: hakuna kuchagua unaishi na nani, ratiba moja ya wote, msaidizi usiyemchagua.

#11 Kipimajoto

Wakuu mmeongea haki, mmeongea majengo, mwili mmeuacha nje. Mimi ni muuguzi. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Uingereza wana mpango wa kuchunguza vifo vya watu wenye ulemavu wa kujifunza. Wanakufa takriban miaka 20 mapema kuliko wengine. Kwa vifo vya mwaka 2021, karibu nusu, asilimia 49, vilihesabiwa kuwa vingeweza kuepukika. Hawafi kwa ajabu yoyote. Wanakufa kwa nimonia, nyingine ya chakula kuingia mapafuni. Kwa kifafa. Kwa kufunga choo, ndiyo, kufunga choo mpaka utumbo unaziba, kwa sababu hakuna aliyekuwa anafuatilia mara ngapi mtu amekwenda haja.

Na kuna ugonjwa mwingine ambao ni wetu sisi wahudumu: kila kitu tunakibandika kwenye ulemavu. Nililetewa mwanaume wa miaka 40 hivi, barua inasema "ameanza ukatili, anagonga kichwa ukutani, aongezewe dawa ya kumtuliza." Nikamwomba afungue kinywa. Jino la nyuma limeoza, fizi imevimba hadi shavuni. Likang'olewa. Ukatili ukaisha wiki ileile. Alikuwa ameugonga huo ukuta miezi miwili.

Dawa zenyewe ni kilio kingine. Mwaka 2015 Uingereza walikadiria kuwa kila siku watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa kujifunza wanameza dawa za magonjwa ya akili, au za sonona, bila kuwa na ugonjwa unaotibiwa na dawa hizo. Na kuna utafiti uliotoka 2008 kwenye jarida la Lancet, watu 86 wenye tabia za ukali, wengine wakapewa haloperidol, wengine risperidone, zote mbili dawa za magonjwa ya akili, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Makundi yote yalipungua ukali, na waliopungua zaidi ni wa kidonge kitupu.

Kwa hiyo mswaki mkavu wa mdogo wako dada si jambo dogo. Jino likianza kumuuma na hawezi kusema, ataandikwa mkorofi. Mwombe msimamizi akuonyeshe vitu hivi: orodha ya dawa na sababu ya kila moja, tarehe ya mwisho daktari alipoipitia, uzito wake wa kila mwezi, na rekodi ya choo. Kituo kinachojua majibu bila kuhangaika kutafuta kimeanza kumjua mtu.

#12 Mama Pacha

Nasoma tangu asubuhi. Mimi ni mama wa wawili, wamefika miaka 41, mmoja yuko kituoni na mwingine niko naye. Naomba niseme upande ambao hausemwi.

Mtu akimpeleka mwanawe kituoni watu wanamtazama kama amemtupa. Yeye mwenyewe anajitazama hivyohivyo. Anaanza kwenda kila wiki, kisha kila mwezi, kisha kwenye sikukuu tu, maana kila akitoka pale analia njia nzima. Nimewaona. Na mimi kuna miaka nilifanya hivyo. Kituo kinajua ni mkazi yupi ana mtu wa kuuliza na yupi hana, na asiye na mtu ndiye anayevalishwa shati la wenzake. Mnaweza kunichukia kwa kusema hivi, ila naamini nusu ya ubora wa kituo inaingia mlangoni pamoja na ndugu.

Na wapo wafanyakazi wa dhahabu. Mwanangu aliyeko kituoni amejifunza kujimiminia maji kwenye kikombe akiwa na miaka 38. Mimi kwa woga wa kumwagika sikuwahi kumruhusu. Kijana mmoja pale alimpa jagi dogo lenye maji robo, kila siku, miezi minne. Kwa hiyo si kila kituo kinarudisha mtu nyuma, na si kila nyumbani tulikuwa tunamsogeza mbele.

#13 Zamu ya Usiku

Mama Pacha umenitoa machozi hapo kwenye jagi. Huyo kijana mwambieni asiondoke.

Ila la ndugu nitaongeza. Wapo ndugu wanaokuja kukagua kuta, wanapiga picha ya vumbi, halafu wanaondoka bila kumgusa mtu wao. Tukimwacha mkazi amwage maji sakafuni akijifunza, ndugu ndiye wa kwanza kulalamika kuwa kituo kichafu. Basi msimamizi anasema mwageni jagi, mpeni kikombe chenye mfuniko. Msomi, hilo Mansell alilipima?

#14 Msomi wa Njiani

Haha mkuu umenibana. Aliyoyasisitiza yeye ni msimamizi wa karibu: anayekaa sebuleni na wafanyakazi, anawaonyesha kwa vitendo namna ya kumsaidia mkazi, na kuwakingia kifua maji yakimwagika. La ndugu wa kupiga picha vumbi nakuachia wewe.

#15 Bila Kificho

Kumbe tumerudi kwa msimamizi. Nilisema tangu #4.

#16 Mpitanjia

Samahani, swali la pembeni. Mmetumia "ulemavu wa akili", "ulemavu wa kujifunza", na mtaani watu wanasema "mtindio wa ubongo". Ni kitu kimoja?

#17 Kipimajoto

Si kimoja. Mtindio wa ubongo ni shida ya misuli na mwendo inayotokana na ubongo kuathirika mapema, na wengi wenye nao wana akili timamu kabisa ila ulimi na mikono haviwatii. Ulemavu wa akili, ambao wengine huuita ulemavu wa kujifunza, ni ugumu wa kuelewa, kujifunza na kujimudu, unaoanza kabla ya utu uzima. Ugonjwa wa akili ni kitu cha tatu. Mtu anaweza kuwa na vyote vitatu. Usonji nao ni wa nne. Vituo vingi vinavichanganya chungu kimoja, na hapo matunzo yanaharibika kabla hayajaanza.

#18 Nimekaa Humo

Mimi nasema ulemavu wa kujifunza kwa sababu akili ninayo. Najifunza polepole tu. Naomba mtu asiseme taahira. Kituoni waliniita hivyo.

#19 Mpitanjia

Nimekuelewa dada, asante. Hilo neno halitatoka kinywani mwangu.

#20 Mama Pacha

Mie ni swali kwa Kipimajoto. Huyu ninayekaa naye ana Down. Miezi ya karibuni anasahau njia ya chumbani kwake na anaogopa ngazi aliyoipanda miaka yote. Mfanyakazi wa kituo cha kutwa anasema ni ukaidi wa umri.

#21 Kipimajoto

Mama, hapana, usikubali neno ukaidi. Watu wenye Down wana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na jini inayozalisha protini inayohusika na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, ipo kwenye kromosomu hiyohiyo. Wengi sana hupata dalili mapema, mara nyingi kwenye miaka ya 50, wengine 40 na kitu. Lakini usikimbilie huko. Kwanza apimwe tezi ya thairoidi, inalegea sana kwa watu wa Down na inafanana na kusahau. Apimwe macho, mtoto wa jicho humfanya mtu aogope ngazi. Masikio, nta ikijaa. Sonona pia, hasa kama kuna mtu amemwondokea. Pacha wake kuhama nyumbani ni msiba kwake, hata kama hakusema.

Yakishatolewa yote hayo ndiyo mzungumzie Alzheimer. Na mwambie daktari alinganishe na alivyokuwa yeye mwenyewe, asilinganishe na watu wengine. Kama una video zake za zamani akipanda ngazi, nenda nazo.

#22 Mama Pacha

Video ninazo. Sikuwahi kufikiri kuhusu pacha wake. Asante mwanangu.

#23 Bila Kificho

Turudi kwenye uzi. Mimi pendekezo langu ni kamera sebuleni na vyumbani. Tiki za uongo zitaisha siku hiyohiyo.

#24 Nimekaa Humo

Chumbani hapana. Ningevaa nguo mbele ya kamera? Wewe chumbani kwako ipo?

#25 Bila Kificho

Haipo. Chumbani naondoa, umenikamata kwa haki. Sebuleni bado nashikilia.

#26 Mzee wa Faili

Hata sebuleni, mkuu, mtu anayefungua kifungo siku nzima kamera itamrekodi ametulia vizuri, hana jeraha, hana fujo. Kamera inaona kipigo. Kupuuzwa haikuoni.

#27 Zamu ya Usiku

Na ikiwekwa, mfanyakazi mzuri naye ataacha kuimba na wakazi wakati wa kuoga. Nasema kwa niliyoyaona.

#28 Bila Kificho

Sikubaliani nanyi wawili, ila tusijaze uzi wa dada. Dada wa Kwanza uko wapi?

#29 Dada wa Kwanza

Nipo wakuu. Nilikaa kimya kwa sababu nilikwenda kwanza, ndiyo nimerudi.

Nilienda jana jioni, saa za kubadilishana zamu kama alivyosema Mzee wa Faili. Nikafanya alichosimulia Msomi: nikakaa sebuleni saa nzima na kadaftari, kila dakika naandika mdogo wangu anafanya nini. Dakika 60. Amekaa bila kufanya lolote 51. Anakula 6. Mtu anaongea naye 3, na kati ya hizo mbili alikuwa anaambiwa "kaa chini."

Nilitaka kulia, nikamwendea msimamizi na maswali ya Kipimajoto. Uzito walikuwa nao. Rekodi ya choo ilikuwepo na imejazwa kweli. Dawa kuna moja ya usiku ambayo hakuwa nayo nyumbani. Hakuna aliyejua aliyeianzisha wala sababu. Ameahidi daktari ataipitia. Hakunipandishia sauti, alionekana amechoka. Akaniambia ana nafasi tatu za wafanyakazi zilizo wazi tangu mwaka uanze. Kwa hiyo Zamu ya Usiku yuko sahihi. Halafu nikatazama, ofisi yake haina dirisha la kuonea sebuleni. Kwa hiyo na Bila Kificho yuko sahihi. Nimeshindwa kuamua.

Nikaomba kapu la nguo zilizoanuliwa. Nikaliweka mbele yake bila kusema neno. Alilitazama kitambo kirefu. Akachukua soksi, akaitafutia mwenzake, akakunja. Alipofika kwenye shati akakosea mkono mmoja, akalifungua, akarudia. Alikunja kapu zima. Akasimama, akaanza kuwapelekea wenzake, na hapo akakwama, kwa sababu nguo nyingi hazina majina na yeye hajui za nani ni zipi.

Msichana mmoja wa zamu ya jioni alikuwa anatazama. Akasema, "Mimi sikujua anaweza." Amefanya kazi pale miezi mitano.

Nimekaa Humo, nimemuuliza. Hasemi sana, kwa hiyo nilimpelekea picha nilizokata: chumba, bustani, kitanda, televisheni, watu wakikunja nguo, basi. Nikamwambia achague anachotaka. Amechukua ya basi. Nikazichanganya, akachukua basi tena. Mara ya tatu akaificha chini ya shati.

Sijui kama anataka kurudi nyumbani au anataka tu kupanda basi. Mama alikuwa anapanda naye basi kila Jumapili.

#30 Nimekaa Humo

Mpandishe. Halafu muulize tena akishashuka.

#31 Zamu ya Usiku

Dada, nguo waandikie majina kwa kalamu isiyofutika, ndani ya kola, au uweke alama ya picha kwa wasiosoma. Kila mkazi na alama yake: nyota, samaki, funguo. Sisi tulifanya hivyo. Muulize mdogo wako anataka alama gani.

#32 Dada wa Kwanza

Nitakwenda na kalamu Jumamosi. Nadhani najua atachagua nini. Kuna mwenye uzoefu wa kumwandaa mtu ambaye hajapanda basi mwaka mzima? Anaogopa mlango unaojifunga wenyewe.